Wodi, darasa na risechi: nishike lipi kabla sijenda kusoma MMed (shahada ya ubingwa)?

tabibu_wa_mjini

Assalaam alaykum wakubwa zangu na wenzangu wa sekta ya afya. Mie ni daktari, nna MD, nipo wodi ya wazazi kwenye hospitali moja hapa Unguja na tangu nimalize intanshipu sijahama wodi hiyo. Mwanzo kazi ilikuwa moja tu, kuona wagonjwa na kukaa zamu. Baadae chuo kikataka madaktari wa kusaidia kufundisha wanafunzi wa miaka ya mwisho wakija wodini, mkuu wa idara akanitaja mie nikakubali, maana kufundisha nakupenda kwa moyo wangu wote, ukimuona mwanafunzi alokuja hajui hata kushika tumbo la mjamzito mara anakwambia mwenyewe mtoto kalala vipi na ukipima unakuta kweli, hapo uchovu wote unaondoka.

Sasa hali ilivo ni kwamba asubuhi raundi na wanafunzi nyuma yangu, mchana kusaini logibuku zao, wiki za mitihani nasimamia OSCE (mtihani wa vitendo wa vituo vituo), na juu yake nimepewa kuratibu maintani, madaktari wapya walo kwenye mafunzo ya kazi. Zamu hazijapungua hata moja. Wodini wakinitafuta nipo na wanafunzi wanaona nimekimbia kazi, chuoni nikichelewa kwa sababu ya mama alopelekwa thieta wanaona sina mpango. Kila upande unanihisabu mtu wao kamili na hakuna barua yoyote inosema nnagawika vipi.

Halafu nikauliza kuhusu kupanda daraja upande wa chuo nikaambiwa kinachotizamwa khasa ni pepa, yaani makala za utafiti. Nikauliza na kule kufundisha je, nikaambiwa kufundisha ni kazi ya kawaida. Yaani saa zote zile za kitandani haziandikwi pahala.

Na kuna watafiti wageni wameniomba niwatolee data kwenye mafaili ya wagonjwa, wamesema jina langu litakuwemo, hawakusema litakuwemo wapi.

Nimepata nafasi ya kwenda Dar mwakani kusoma MMed ya uzazi na magonjwa ya wanawake. Wapo wanoniambia niende, wapo wanosema nichukue masta ya afya ya jamii kwa sababu ni fupi na naweza kuisoma nipo kazini, nna watoto wawili wadogo. Walopita njia hii naomba mnambie, mtu anotaka kuwa daktari na mwalimu na mtafiti aanzie wapi? Na huu mwaka ulobaki niutumie vipi?

Mzee_wa_Raundi

Waalaykum salaam mwanangu. Nimeisoma yote na nakujibu kwa sababu suala lako ni la madaktari wengi wanofundisha hapa kwetu na hawalisemi.

Kwanza nenda kasome MMed. Masta ya afya ya jamii ni elimu nzuri na nnawajua walofanya makubwa nayo, lakini wewe mwenyewe umesema unapenda kitandani, na kitandani mwenye sauti ni bingwa. Bila ya ubingwa utakuwa msaidizi wa kufundisha milele, hutosimamia residenti (madaktari wanosomea ubingwa), hutokaa kwenye kamati ya mtaala, na ukitaka kubadilisha kitu wodini utaambiwa subiri dokta bingwa aje. Miaka mitatu (kuna vyuo ni minne) inakwenda. Masta ya afya ya jamii utaiongeza baadae ukiitaka, lakini kuacha ubingwa ukaurudie ukishakuwa na watoto wanne na cheo cha utawala, hilo nimeona wachache sana wanoliweza.

Vijana hawaijui historia hii kwa hivo naisema. Sisi tumezowea mabingwa kutoka nje, Wachina wa Jiangsu wanakuja Zanzibar tangu 1964, na ilipoanzishwa skuli ya udaktari hapa mwaka 2007 ilianza kwa mkono wa Chuo Kikuu cha Matanzas cha Kuba, maprofesa wao ndio walofundisha, na 2013 wakatoka madaktari 38 wa mwanzo. Leo udaktari unasomeshwa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na Mnazi Mmoja ndio hospitali yake kubwa ya kufundishia. Sasa mgeni akimaliza mkataba wake anarudi kwao, nani anabaki kufundisha? Wewe. Kwa hivo ukenda kusoma unajisomea na unawasomea wanafunzi watakaokuja miaka thalathini ijayo.

Pili, hili la kugawika baina ya pande mbili. Mtindo huu wa daktari anotibu, anofundisha na anotafiti ulipata nguvu Johns Hopkins kule Marekani, William Osler akawatoa wanafunzi ukumbini akawaweka kitandani kwa mgonjwa, hiyo ni miaka ya 1890. Lakini watu husahau kwamba mwaka 1913 chuo kile kile kilianza kuwalipa baadhi ya walimu wa tiba mshahara wa kazi zote kwa pamoja, ili wasiishi kwa kukimbilia wagonjwa wa kulipa. Kuna mtu aliununua muda wao. Kwetu tumeichukua mizigo yote mitatu na suala la nani analipia saa zipi tumeliacha hewani. Ndio maana unaona huna mpango, mwanangu, na mpango unao, uliokosekana ni mkataba.

Kuhusu risechi nnavoona mie iweke pembeni mpaka ufike Dar. Kule utafanya tasnifu kwa lazima na utakuwa na msimamizi wa kukushika mkono. Mwaka huu tibu na fundisha, basi.

Mkarafuu_Wawi

Mzee wangu nakuheshimu sana na kwenye MMed nakuunga mkono moja kwa moja, ila kwenye risechi tupo mbali.

Dada yangu, mie nafanya kazi za utafiti huku Pemba. Huku Wawi ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri tangu mwaka 2000, na nataka uelewe kisiwa hiki kimewafunza nini walimwengu. Ilifanyika hapa Pemba tafiti ya kuwapa watoto wadogo madini ya chuma na folik asidi, matokeo yakatoka 2006 kwenye jarida la Lancet. Dunia nzima ilikuwa inaamini chuma ni kheri tupu kwa mtoto. Ikaonekana kwenye eneo lenye malaria nyingi watoto wale walopewa chuma wanalazwa na wanafariki zaidi kuliko wasopewa, mpaka sehemu ile ya tafiti ikasimamishwa kabla ya wakati, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake wa kugawa chuma kwa kila mtoto kwenye maeneo ya malaria. Hilo limetoka kwa watoto wa vijiji vyetu, na kwa wauguzi na maafisa wa kwetu walopita nyumba kwa nyumba na kujaza fomu. Kwa hivo mtu asikwambie risechi ni ya maprofesa.

Na upo mfano wa wodi kama yako khasa. Mradi wa PartoMa ulofanyika Mnazi Mmoja na watu wa Chuo Kikuu cha Copenhagen. Hawakuleta mashine. Walikaa kitako na wakunga na madaktari wa wodi wakatengeneza muongozo mfupi wa kijitabu unoendana na wodi yenye mama wengi na wahudumu wachache, halafu wakafanya semina fupi za kurudiwa rudiwa. Watoto wanozaliwa wafu walikuwa 59 katika kila uzazi 1000, wakashuka mpaka 39. Hebu tizama hapo, kutibu kupo, kufundisha kupo na utafiti upo, kazi moja. Wewe unaziona kazi tatu kwa sababu zimeandikwa kwenye madaftari matatu.

Mwaka huu fanya odit moja tu, ndogo, yaani ukaguzi wa kazi ya wodi yenu wenyewe. Mfano Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilitoa chati mpya ya kufuatilia uchungu ya kushika nafasi ya patografu ya zamani, na uchungu mkali sasa unahisabiwa kuanzia mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 5. Chukua mafaili ya miezi michache uangalie chati zinajazwa kwa kiasi gani na zinaachwa wapi, waoneshe wenzako, fanyeni semina mbili tatu na wanafunzi wawemo, angalia tena. Hapo umefundisha, umeitengeneza wodi na umepata pa kuanzia tasnifu. Ila omba kwanza kibali ZAHREC, kamati ya maadili ya utafiti wa afya hapa Zanzibar, kabla hujafungua faili hata moja kwa ajili ya utafiti, ukikusanya mwanzo ukaja kuomba baadae hutokipata na jarida lenye heshima halitoikubali kazi yako.

Makala za kusoma usinunue, ulizia maktaba ya chuo kama wamejiunga na HINARI, ni mpango wa Shirika la Afya Duniani na wachapishaji ulioanza 2002 na nchi yetu imo kwenye kundi la kupata bure. Na zikikujia imeili za kukwambia tuma pepa tutaitoa ndani ya wiki moja ulipe dola kadhaa, zifute.

Hao wageni wa data waandikie leo, kwa adabu tu. Sharti za kuitwa mwandishi zinajulikana, za ICMJE (kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba), nazo ni nne na zote zitimie: uwe umechangia kwenye mpango wa utafiti au data au uchambuzi, uwe umeandika au umeikosoa rasimu kwa maana, uwe umeidhinisha toleo la mwisho, na uwe tayari kuijibia kazi nzima. Kutoa data peke yake hakutoshi, na hapo ndipo wenzetu wengi wanapoachwa kwenye mstari wa shukrani. Kwa hivo waambie unataka kuingia kwenye uchambuzi na kwenye kuandika tokea mwanzo, na liandikwe. Wakikataa ushawajua. Na kibali chao cha maadili wakuoneshe, usione haya kukiomba, mafaili yale ni ya mama zetu.

BiDokta_Mwera

Mdogo wangu nimekusoma nikawa najiona mwenyewe. Nafundisha, natibu, na MMed nimeisoma nikiwa mke wa mtu na mama, kwa hivo naanza na yale ambayo wanaume hapo juu wameyaruka.

Watoto. Usiamue kwa kukisia. Kaa na mumeo na mama yako au wifi yako, alokuwa na nafasi, mpange nani atakaa na watoto mwaka wa mwanzo, kwa sababu mwaka ule ni mgumu mno, zamu za residenti hazina huruma. Wapo walohama na watoto Dar, wapo walowaacha huku wakawa wanapanda boti wikiendi ikipatikana. Mie niliwaacha kwa mama yangu Mola amlipe kheri, na nilikuwa nalia kwenye boti, lakini nilirudi bingwa na wanangu wananijua. Uliza pia mapema ruhusa ya masomo kazini ni ya mshahara kamili au vipi, na mkataba wa kurudi kutumikia unasemaje, usome kila mstari kabla hujatia saini.

Sasa kufundisha. Umeambiwa ni kazi ya kawaida, haya, lakini kazi ya kawaida ikiandikwa inakuwa ushahidi. Anza leo daftari la ufundishaji: tarehe, mada, wanafunzi wangapi, walikwenda wapi kutoka hapo, maoni yao mwisho wa kila rotesheni kwenye karatasi bila majina. Mwalimu mwenzio aje akutizame ukifundisha akuandikie. Ukitunga vituo vya OSCE vihifadhi na jina lako. Siku ya kamati mtu mwenye mafaili hayo haongei na maneno matupu, na mimi nimekaa kwenye vikao hivo nikaona tofauti.

Na kufundisha nako kuna ufundi wake, tunadhani ukijua kutibu basi unajua kusomesha. Kuna mbinu nnayoitumia kila raundi, ilitolewa Marekani mwaka 1992 na Wamarekani wanaiita ya dakika moja. Mwanafunzi akishakueleza mgonjwa usimpe jibu, muulize wewe unafikiri nini, akishasema muulize kwa nini umefikiri hivo, halafu umpe kanuni moja tu ya kuchukua, umwambie wazi alichofanya vizuri, na umsahihishe alichokosea. Mfano kakwambia huyu mama anatoka damu baada ya kuzaa kwa sababu kizazi hakijakaza. Umejuaje? Atajibu nimeshika laini. Vizuri, kushika ndio sawa, ila hujauliza kama kondo limetoka zima na hujatizama kama kuna pahala pamechanika. Imekwisha, dakika chache, raundi haikusimama na mama kahudumiwa huku wanafunzi wanasoma. Kwa wodi iliyojaa kama zetu mbinu hii inakuokolea muda wako, khasa wewe unoitwa huku na huku.

Ukishamaliza MMed angalia mafunzo ya walimu wa fani za afya, ya cheti hata ya masta. Kuna fellowshipu (mafunzo ya ufadhili) za FAIMER, taasisi ya Marekani, kwa walimu wa udaktari na tawi la Afrika kusini mwa Sahara linaitwa SAFRI. Hizo zinamtaka mtu aje na mradi wake wa kuboresha ufundishaji kwao, kwa hivo daftari lako la leo litakuja kukufaa.

Kwa Mzee wa Raundi, shikamoo mzee, lakini kumwambia aweke risechi pembeni mwaka mzima mie siafiki. Asichukue tafiti tatu nne. Moja.

afisa_utumishi_znz

Mie si daktari, nipo utumishi, nachangia kwenye barua tu. Dada tatizo lako lina mzizi wake, afya si jambo la Muungano, ina wizara yake hapa, na elimu ya juu ni ya Muungano, vyuo vinafata taratibu za TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kwa hivo muajiri wako anakupima kwa muundo mmoja na chuo kinakutizama kwa muundo mwengine, mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Hakuna mtu atakuunganishia hizo mbili usipoomba mwenyewe.

Andika barua kwa mkuu wa hospitali kupitia mkuu wa idara, nakala chuoni. Eleza kazi unazofanya kama zilivo, bila kulalamika, uambatishe ratiba yako ya wiki moja ya kweli, na upendekeze mgawanyo: siku gani ni za wodi tu, siku gani ni za wanafunzi na usiitwe labda kwa dharura. Kama chuo kinakutaka kwa muda wa sehemu, kitoe barua ya uteuzi yenye saa na malipo. Bila ya barua ile hata huo uzoefu wa kufundisha utapata tabu kuuthibitisha ukiomba kazi ya uhadhiri. Na uratibu wa maintani uandikiwe pia, hicho ni cheo cha uongozi, kisikae kinywani tu.

Mzee_wa_Raundi

Marahaba Bi Dokta. Nimewasikia na kwa hiyo odit moja nakubali, madhali iwe ya wodi yake na asiifanye usiku wakati anatakiwa kulala. Nnachokikhofia ni kitu kimoja, nimeshuhudia vijana wazuri wanachoka wakiwa na miaka thelathini na kidogo, anaacha kufundisha, mwengine anahama visiwa kabisa, na kila akiondoka mmoja wanafunzi wanabaki na mwalimu mmoja kasoro. Ndio maana nikasema apunguziwe. Mwanangu omba na zamu zipungue kwenye barua hiyo hiyo, usiwaonee haya.

tabibu_wa_mjini

Wallahi sijui niwashukuru vipi, nimesoma zaidi ya mara moja na nimempa na mume wangu asome. MMed nakwenda, hilo limekwisha, mama mkwe kakubali kukaa na watoto mwaka wa mwanzo. Barua nimeshaianza kwa mpango wa Afisa. Wageni nimewaandikia, wamejibu kuwa watanipigia simu wiki ijayo, ntataka jibu la maandishi.

Odit ya chati za uchungu nimeipenda mno, nimemuuliza mkunga mkuu wa wodi akasema na yeye siku zote anataka mtu aifanye. Suala langu la mwisho, Mkarafuu, je nimtie na yeye kwenye timu rasmi au ni mambo ya madaktari? Na nianze na mafaili ya miezi mingapi?

Mkarafuu_Wawi

Mtie, tena wa mwanzo baada yako. Chati wanajaza wakunga, yeye ndie anajua kwa nini saa nane usiku haijazwi, wewe utakisia tu. Mtie jina kwenye andiko la kuomba kibali, na akishiriki kwenye kuandika basi ni mwandishi kama wewe. Mafaili anza na miezi mitatu, uchague faili kwa mpangilio, tuseme kila la tano, usichague lililo juu ya meza. Majina ya wagonjwa usiyaandike kabisa, wape namba, na daftari la namba likae wodini kwenye kabati la kufunga. Fomu ya kukusanyia nnayo moja niliyoitumia kwenye kazi nyengine, ntakutumia inboksi leo usiku uibadilishe kwa chati yenu.